Akiba Kabla ya Kuhama Nyumbani kwa Wazazi



Miongoni mwa maswali yanayoulizwa sana na vijana, wa kiume na wa kike, ni hili: Je, ni wakati gani unaofaa mtu kutoka katika nyumba ya wazazi wake na kwenda kujitegemea? Wengi hulijibu kwa kutazama umri. Wengine hulijibu kwa kutazama ugomvi: siku watakapokosana na baba, hiyo ndiyo siku ya kuhama. Sisi twaona kwamba swali hili lina jibu lililo wazi zaidi, nalo limo katika hesabu. Yampasa mtu ajue kuhama kunagharimu kiasi gani, tena ajue kukaa huko aliko hamia kunagharimu kiasi gani, kisha ajiulize kama alicho nacho kinatosha yote mawili. Wengi huhesabu la kwanza tu, wakasahau la pili.

Tutalieleza jambo hili kwa kuutazama mji wa Morogoro na milima ya Uluguru iliyousimamia. Vijana hushuka kutoka Matombo, Kinole, Mkuyuni na Mgeta, wakatafuta chumba Kihonda, Mafiga, Chamwino au Mwembesongo. Nao waliozaliwa mjini huhama mtaa kwa mtaa. Baba yuko Kilakala na mwana yuko Mazimbu, na kati yao ni mwendo mfupi tu, lakini gharama ni ile ile ya mtu aliyetoka mbali.

Zamani Uluguruni kuondoka kwa wazazi hakukuwa jambo la fedha. Waluguru huhesabu nasaba kwa upande wa mama, na ardhi ilikuwa mali ya ukoo, yaani lukolo. Kijana aliyeoa mara nyingi alikwenda kukaa kwa watu wa mke wake, akalima huko na kuwafanyia kazi wakwe. Aliyehitaji shamba kwa ukoo usio wake aliomba, akatoa kitu kidogo kiitwacho ngoto, kuwa alama ya kukiri kwamba ardhi ile ina wenyewe. Miti ya kujengea ilikuwa mlimani, nyasi za kuezekea zilikuwa bondeni, na mikono ya jirani ilikuwa bure ila kwa chakula cha siku ile. Akiba ya kijana ilikuwa nguvu zake na heshima yake kwa mjomba.

Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yalipoenea katika tambarare, mambo yakaanza kubadilika. Mtu alipewa kipande, akajaza siku 30 za kazi ndipo alipwe. Tangu hapo fedha ikaingia kati ya kijana na makao yake. Leo hata aliye na nguvu za kubeba gunia kutoka Kinole hadi barabarani hawezi kupata chumba mjini kwa nguvu hizo tu. Mwenye nyumba hataki kulimiwa. Anataka kodi, naye anaitaka mbele.

Sharti hilo la kodi ya mbele ndilo linalowaangusha wengi. Katika miji yetu ya Tanzania ni desturi mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita kwa mara moja, na wengine hudai ya mwaka mzima. Juu ya hiyo kuna dalali, ambaye kwa kawaida huchukua kiasi cha kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Mtu akiambiwa kwamba chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi hufurahi, akisema mshahara wangu unaiweza. Lakini hakuna siku atakayoombwa shilingi 50,000. Ataombwa 300,000, na dalali ataomba 50,000 zake.

Tuendelee na mfano huu, ukiwa ni mfano tu. Kila mtu aweke bei za mtaa wake. Kitanda na godoro, tuseme shilingi 300,000. Jiko na mtungi mdogo wa gesi, sufuria, sahani, ndoo za maji, pazia na kufuli, shilingi 150,000. Kirikuu cha kubebea vitu, 20,000. Jumla imekwisha kufika shilingi 820,000, na kijana hajala hata mkate. Sasa aongeze chakula, nauli, umeme wa LUKU na maji. Tuseme kwa mwezi vyote hivyo ni 150,000. Mtu mwenye busara hahami bila kuwa na matumizi ya miezi mitatu kando, kwa sababu kazi huweza kusimama, na homa haipigi hodi. Hiyo ni 450,000 nyingine. Basi chumba kile cha shilingi 50,000 kinahitaji akiba ya shilingi 1,270,000.

Je, kijana ataipata wapi? Tumchukue mwenye kipato cha shilingi 250,000 kwa mwezi, nusu ya kima cha chini alipwacho mtumishi wa umma tangu Julai 2025. Akiwa bado kwa wazazi, awape 50,000 za chakula cha nyumbani, abaki na 60,000 za nauli na mahitaji yake, atenge 20,000 za sadaka na michango. Zinabaki 120,000 za kuweka. Kwa mwendo huo atahitaji miezi kumi na moja. Si miaka mitano, wala si mwezi ujao. Wengi wakisikia miezi kumi na moja huona ni mingi mno, nao hao hao wamekwisha kaa miaka mitatu wakilalamika kwamba hawawezi kuhama.

Lakini hesabu hiyo haijaisha, na hapa twamwomba msomaji atulie kidogo. Kijana akisha kuhama, kipato chake ni kile kile 250,000. Matumizi 150,000, sadaka na michango 20,000. Na wazazi je? Tuseme awapelekee 30,000, maana kuhama hakuondoi haki yao. Zinabaki 50,000, ambazo ni kodi barabara. Basi hana hata shilingi moja ya ziada. Tena ile kodi haidaiwi kila mwezi. Imelipwa tayari ya miezi sita. Kila mwisho wa mwezi ataona noti tano za elfu kumi zimebaki mkononi, na moyo utamwambia kwamba ni zake. Atanunua viatu, atachangia harusi, atanunua redio. Mwezi wa saba mwenye nyumba atabisha hodi akitaka 300,000, naye hana. Hii ndiyo sababu ya wengi kuonekana wakirudi nyumbani na godoro kichwani. Hawakushindwa kuhama, walishindwa mwezi wa saba.

Dawa yake ni kuanza kulipa kodi kabla hujapanga. Ungali kwa wazazi, kila mwezi ondoa shilingi 50,000 uziweke mahali pasipoguswa, ukijiambia kwamba zimekwenda kwa mwenye nyumba. Ukiweza kufanya hivyo miezi sita bila kuzidokoa, umejipima, nawe wajua unaweza. Ukishindwa, ni afadhali umeshindwa ukiwa chini ya paa la baba. Na kama hesabu inabana kama ilivyobana katika mfano wetu, shirikiana chumba na mwenzako mwenye tabia njema. Kodi ikigawanyika, kila mmoja anaokoa 25,000 kwa mwezi. Wako wanaoona haya kulala wawili chumbani baada ya kujisifu kwamba wamejitegemea. Sisi hatuoni haya yoyote katika hilo. Haya iko katika kukopa kodi.

Sasa akiba hiyo iwekwe wapi? Wengi huanza na kibubu, na kwa mwanzo si vibaya, hasa kwa apataye fedha kidogo kidogo kama muuza mboga wa sokoni. Ila kibubu kina maadui: moto, mwizi, mchwa, na mkono wa mwenyewe. Tena mwaka 2025 alitokea adui mwingine. Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa katika mzunguko noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha ukaisha tarehe 5 Aprili 2025. Aliyekuwa amefukia noti hizo chini ya kitanda bila kusikia habari alibaki na karatasi. Fedha iliyofichwa sana huweza kumficha hata mwenyewe habari za dunia.

Upatu, ambao wengine huuita mchezo, una faida yake: hukulazimisha. Watu kumi wakitoa 50,000 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake hupata 500,000 kwa pamoja, na kiasi hicho kinatosha kodi ya miezi sita na kubaki. Hatari yake ni wale wanaopokea mapema kisha wakatoweka. Ingia na watu unaowajua wanakokaa, na ukiweza omba zamu ya mwisho. Mwenye zamu ya mwisho ndiye anayeweka akiba kweli, mwenye zamu ya kwanza amekopa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo wa mwisho ndiye mwenye hatari kubwa, basi usiingie na usiowaamini.

VICOBA vimeenea sana, na sanduku lao la kufuli tatu ni fundisho zuri la uaminifu, kwani hakuna mtu mmoja awezaye kulifungua peke yake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi vya namna hii vinatakiwa kusajiliwa, basi uliza cheti kabla ya kununua hisa. Jambo moja Mwislamu aliangalie: vikundi vingi hukopeshana kwa riba, na faida wanayogawana mwisho wa mwaka hutoka katika riba hiyo. Sema mapema, mbele ya wanachama wote, kwamba wewe unaweka akiba tu na hutaki ziada hiyo; au undeni kikundi cha wenye nia moja mkopeshane bila nyongeza. Kusema baadaye, siku ya kugawana, huleta fitina.

Benki, kwa akiba iliyokwisha kufika laki kadhaa, ni salama kuliko hayo yote. Amana zilizo katika benki zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, na tangu mwaka 2023 kiwango cha juu cha kinga hiyo ni shilingi 7,500,000 kwa mteja katika benki moja. Kabla ya hapo kilikuwa 1,500,000. Akiba ya kijana wetu yaingia yote humo. Fedha ya simu, iliyoanza kuenea nchini kwa M-Pesa mwaka 2008, ni nzuri kwa kupeleka na kupokea, lakini kwa kuweka ina ubaya wa kuwa karibu mno na kidole.

Nao watakaokuambia kwamba akiba yako itazaa mara mbili katika muda wa wiki chache, wakimbie. Mwaka 2009 maelfu ya watu nchini walipoteza fedha zao katika DECI, mahali ambapo kuweka fedha kuliitwa kupanda mbegu. Aliyepanda kwanza alilipwa kwa mbegu ya aliyekuja nyuma, mpaka wa nyuma wakakosekana. Mchezo huo hurudi kila baada ya miaka michache kwa jina jipya. Upande wa pili wako wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewaita kausha damu. Mtu akikopa kwao kodi ya kuhamia, ameingia chumbani na deni limetangulia kulala kitandani.

Msomaji wa milimani atasema: hayo ni ya wenye mshahara, mimi nina shamba. Kwa kweli mwenye shamba ana njia ambayo mtu wa mshahara hana. Huko Matombo na Kinole, pilipili manga huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Mkarafuu hutaka miaka sita na zaidi. Kijana wa miaka kumi na sita anayepanda mikarafuu leo, akiwa angali anakula chungu kimoja na mama yake, anajiwekea kodi ya siku atakayokuwa mtu mzima. Balaa ni kuuza mazao yakiwa bado mtini kwa mlanguzi anayekuja wakati wa njaa. Akiba ndogo ya fedha, hata laki moja, kazi yake ya kwanza ni kukuwezesha kungoja karafuu zikauke. Huko Mgeta wanafuga mbuzi wa maziwa, jamii iliyoletwa kutoka Norway katika miaka ya 1980 kwa juhudi za watafiti wa kilimo wa Morogoro. Mbuzi ni akiba inayozaa kwa halali. Ila huwezi kuuza mguu mmoja wa mbuzi kununua daftari, basi usiweke yote katika mbuzi.

Na kabla hujapanda mti wa miaka kumi, uliza ardhi ni ya nani. Katika desturi ya Kiluguru, shamba ambalo baba anampa mwanawe huweza kudaiwa na ukoo wa baba pindi baba anapofariki, kwa kuwa mwana ni wa ukoo wa mama. Wako waliopanda, wakajenga, kisha wakaambiwa waondoke. Itisheni wazee wa lukolo zote mbili mkiwa wazima, semeni, andikeni, na mashahidi watie sahihi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka hati ya haki miliki ya kimila. Ifuateni katika ofisi ya kijiji. Jasho lililotiwa katika ardhi yenye ugomvi si akiba.

Huenda wewe usomaye umeingia katika dini hivi karibuni, au ungali unachunguza, na nyumbani pamekuwa pazito. Huenda baba hasemi nawe, au chakula kinapikwa usichoweza kula, na kila usiku wajiambia: kesho naondoka. Twalielewa jambo hilo, tena twasema kwa upole: usiondoke kwa hasira na mfuko mtupu. Kurani Tukufu katika Sura Luqman yaeleza kwamba hata wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mwenyezi Mungu, usiwatii katika hilo, lakini ukae nao kwa wema katika mambo ya dunia. Basi kukaa kwao mwaka mmoja zaidi ukiweka akiba, ukichota maji, ukitoa fedha ya unga bila kuombwa, si udhaifu wa imani. Wazazi wengi hawajui dini mpya ya mtoto wao ila kwa yale wanayoyaona jikoni na uani. Aliyeondoka akiwa na deni la dukani na kurudi baada ya miezi miwili kuomba sahani ya ugali, ameifanya dini yake ionekane ni ya watoro. Ila kama kuna kupigwa au hatari ya maisha, hapo hesabu haingojwi. Nenda kwa ndugu au kwa wazee wanaoaminika siku hiyo hiyo.

Na yule ambaye amelazimika kutoka hana kitu, amtazame Abdurrahman bin Auf r.a. Alifika Madina kutoka Maka akiwa ameacha mali yake yote. Mtukufu Mtume s.a.w. alimfunga undugu na Saad bin Rabii r.a., naye Saad, aliyekuwa tajiri, akamwambia achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba kitu kimoja tu: aonyeshwe soko liliko. Akaanza kuuza jibini na samli. Haukupita muda mrefu akaja mbele ya Mtume akiwa ameoa, na mahari aliyotoa ilikuwa dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Tazama mpangilio wake: soko kwanza, kisha akiba, kisha nyumba. Vijana wetu wengi huanza na nyumba.

Msichana anayetaka kuhama kwa ajili ya kazi au masomo ana hesabu ile ile, na juu yake aweke gharama ya mlango imara na majirani wema, hata kama chumba cha namna hiyo kina bei zaidi. Asione ni ubadhirifu. Kurani imewasifu wale ambao wanapotoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubahili, na kulipia usalama ni katika kiasi.

Akiba ikikaa mwaka mzima nayo imefikia nisabu, yaani thamani ya karibu gramu 600 za fedha, zaka yake ni asilimia mbili na nusu. Uliza bei ya madini ya fedha wakati huo, upige hesabu. Akiba ya 1,000,000, kama imefikia kiwango, zaka yake ni 25,000. Iondoe kabla ya kuanza kununua vitanda.

Siku ya kulipa kodi ikifika, usimpe dalali fedha ya mwenye nyumba. Mwone mwenyewe, au mwakilishi aliye na barua yake. Uliza jirani kama nyumba haina kesi ya mirathi. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, uliza kama mita ya umeme ni yako peke yako au ya wapangaji wote, na kama kuna deni lililoachwa na aliyetangulia. Mkataba uandikwe nakala mbili, utaje tarehe ya kuanza na kuisha, kiasi kilicholipwa kwa tarakimu na kwa maneno, na muda wa taarifa ya kuhama. Mtie sahihi mbele ya mjumbe wa mtaa. Nakala moja ipeleke kwa mama akuwekee.